Mama, usipande

Saa kumi na moja na nusu alfajiri ya Jumamosi, kijana wa miaka 15 alikuwa amejikunja ndani ya buti la Toyota Starlet, akiokota manyoya ya kuku kwa vidole. Baba yake alikuwa amemwambia gari liwe tupu kabisa. Isibaki jeki, isibaki chupa ya maji, isibaki hata kalamu, kwa sababu kitu kidogo kikirukaruka ndani ya gari linalokwenda kasi kinaweza kuingia chini ya pedali ya breki au kumpiga dereva kisogoni. Trei za mayai zilikuwa zimetolewa usiku. Manyoya hayakuwa hatari kwa yeyote, lakini kijana hakutaka wenye Subaru wayaone.

Familia hii inaishi Kitengela. Baba ni mtunza stoo katika ghala moja kwenye Barabara ya Mombasa. Mama anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na kila Jumatatu asubuhi hupeleka trei 40 kwa wateja wake wa Kitengela na Athi River: vibanda vya chipsi, mikahawa miwili na shule moja ya bweni. Trei 40 ni mayai 1,200. Mayai 1,200 hayapandi matatu. Yanapanda Starlet ile ile ambayo, Jumamosi hiyo, ilikuwa inakwenda kuzungushwa kwenye uwanja wa murram upande wa Athi River, katika siku mbili ambazo mtu yeyote mwenye gari zima, helmeti na ada ya kuingia anaruhusiwa kushindana na saa.

Kwa nini mtu mzima mwenye gari moja na mke mwenye wateja aende kulitimulia vumbi? Jibu liko kwa Babu. Mwaka 1974 Babu, akiwa kijana, alisimama kando ya barabara ya matope kumwona Joginder Singh akipita na Mitsubishi Lancer, mwaka ambao Singh alishinda Safari Rally kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa ameshinda mwaka 1965 akiendesha Volvo, na mara ya tatu ikaja 1976. Gari lilipita mbele ya Babu kwa muda wa kupepesa jicho, lakini masimulizi yake hadi leo humaliza chai ya birika zima. Baba naye alizaliwa 1979, mwaka ambao Shekhar Mehta alianza kushinda mara nne mfululizo. Katika nyumba ile Pasaka haikuwa Pasaka bila redio na Safari.

Mashindano hayo yaliondoka kwenye ratiba ya dunia baada ya mwaka 2002, yakarudi 2021. Mwaka 2022 Baba alimchukua mwanawe, wakati huo akiwa na miaka 11, wakaenda Naivasha. Wakarudi wamebadilika rangi kwa vumbi. Mwaka huo magari ya Toyota yalishika nafasi zote nne za kwanza, naye Kalle Rovanperä ndiye aliyeshinda, na baba na mwana walifika nyumbani wakiamini kwamba Starlet yao ni ya ukoo huo huo. Ukoo, ndiyo. Mtaji, hapana.

Mama hakukataa. Hilo lisemwe mapema, maana katika hadithi za namna hii mama huwekwa kuwa mtu wa kuzuia. Alisema maneno mawili tu. La kwanza: "Baba Watoto, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi gari liwe mlangoni." La pili: "Na hizo breki uzitazame. Wiki ya tatu sasa, zinashuka." Baba akajibu kwamba ataziangalia. Ijumaa alipeleka gari kwa fundi, na fundi akamwambia mafuta ya breki ni ya zamani sana, yabadilishwe. Baba alipiga hesabu ya pesa zilizobaki baada ya kulipa ada, akaona zinatosha kitu kimoja kati ya viwili. Akapaka rimu rangi nyeupe.

Gari lilipendeza, hilo halina ubishi.

Uwanjani, kabla gari halijaruhusiwa kuingia, hukaguliwa. Mkaguzi alikuwa mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alitikisa kila gurudumu, akavuta mikanda ya viti, akalala chini kutazama kama kuna mafuta yanayodondoka, kisha akafungua boneti na kuishika betri kwa vidole viwili. Betri ikacheza. Ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi ya ndani, kazi ya miaka mingi ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria. Mzee akatikisa kichwa. Gari likipinduka, alisema, betri hiyo itaruka, ncha zake ziguse chuma, na hapo utakuwa na moto mbele yako na mkanda kifuani. Nendeni mkaifunge kama watu.

Basi saa ya kwanza ya mashindano ya Baba ilikwisha akizunguka kuomba bolti. Kijana ndiye aliyeipata, pamoja na kipande cha bapa la chuma, kutoka kwa watu wa pikapu moja waliokuwa wamekuja na sanduku la vyuma chakavu "kwa sababu mwaka jana tulikosa." Wakaifunga betri. Mzee akaishika tena, haikucheza, akabandika karatasi kwenye kioo. Baba alimpiga mwanawe begani, na kijana akaonekana amerefuka sentimita mbili.

Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi. Magari huingia moja moja, kila moja raundi nne, kisha hutoka kupisha lingine. Zamu ya kwanza Baba alikwenda polepole kama mtu anayepeleka mayai, kwa mazoea. Zamu ya pili alichangamka. Zamu ya tatu, raundi ya nne, mwisho wa sehemu iliyonyooka, aligusa breki na mguu ukaenda mpaka sakafuni.

Kijana alikuwa amesimama kwenye uzio. Aliona taa za breki zikiwaka na gari lisipunguze mwendo. Aliona bendera ya njano ikipandishwa. Aliona gari likikata utepe wa plastiki uliochora njia, likapiga kona nusu, likaingia kwenye majani makavu huku magurudumu ya nyuma yakiburuzika, na likasimama hatua kumi hivi kutoka kwenye rundo la matairi. Kisha vumbi likafunika kila kitu, na kwa sekunde chache hakuona chochote. Alipoulizwa baadaye na dada yake zilikuwa sekunde ngapi, alisema mia.

Baba alikuwa amefanya yale yanayotakiwa. Alikanyaga pedali haraka haraka mara mbili, akashusha gia hadi ya pili, akavuta breki ya mkono, ambayo huvutwa kwa waya na haitegemei mafuta. Alitoka akicheka. Watu wazima wengi hucheka wakiwa wameogopa, na watoto wao hawadanganyiki.

Cha ajabu ni kwamba baada ya nusu saa pedali ilirudi juu, ikawa ngumu kama kawaida. Baba aliikanyaga mara kadhaa, akasema, "Unaona? Ilikuwa joto tu." Pengine angeingia tena. Aliyemzuia ni mama mmoja wa makamo aliyekuja na Subaru ya zamani, dereva hodari kuliko wengi pale, ambaye alikuja na kikombe cha chai mkononi na kuomba kutazama kichupa cha mafuta ya breki chini ya boneti. Yalikuwa na rangi ya kahawa. "Haya yana miaka mingapi?" aliuliza. Baba alitazama rimu zake nyeupe.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. Yale yanayoitwa DOT 4, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishashika maji, kiwango cha chini hushuka hadi 155. Breki za gari linalobanwa kila kona zinafika huko bila taabu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubanwa ukabanika. Mguu unasukuma mvuke badala ya kusukuma breki. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika na pedali inapanda, na dereva anajidanganya kwamba ugonjwa umepona. Safari ya kila siku ya mjini yenyewe haifiki joto hilo mara kwa mara. Lakini mteremko mrefu, gari limejaa abiria na mizigo, unaweza kulifikisha.

Yule mama alitoa chupa ya nusu lita kutoka kwenye sanduku lake. "Utanirudishia siku nyingine," alisema. Alikaa juu ya tairi akawatazama wakifanya kazi.

Kutoa hewa na mafuta ya zamani kwenye breki ni kazi ya watu wawili, na ni kazi ambayo haifanyiki bila watu hao kusikilizana. Baba alilala chini, akaanza na gurudumu la nyuma la kushoto, lililo mbali zaidi na silinda kuu. Kijana alikaa kwenye kiti cha dereva, mguu kwenye pedali. "Kanyaga." Anakanyaga. "Shikilia." Anashikilia. Baba analegeza nati ndogo nyuma ya breki, mafuta yanatoka kwa bomba jembamba hadi kwenye chupa, pedali inazama. "Usiachie!" Anakaza nati. "Achia." Ukiachia kabla nati haijakazwa, hewa inaingia, na kazi yote ni bure. Kanyaga, shikilia, achia. Gurudumu baada ya gurudumu, kwa zaidi ya saa moja, huku kichupa cha juu kikijazwa kabla hakijakauka. Mafuta yaliyotoka mwanzoni yalikuwa kama chai ya rangi. Mwishoni yakatoka maangavu. Wakati mmoja Baba, akiona chupa inakaribia kwisha, alitaka kurudisha yale yaliyotoka. Yule mama hakusema neno, aliinuka tu akayamwaga kwenye chupa ya taka.

Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za wikendi ile. Kijana wa miaka 15 na baba yake huzungumza kidogo, na wakizungumza ni habari za viatu kuachwa mlangoni. Hapa walikuwa wanapeana maneno matatu, mara mia, na kila neno lilikuwa linajibiwa kwa mguu.

Halafu Baba akaiharibu.

Wakirudi nyumbani jioni, breki zikishika vizuri kabisa, alisimama kwenye kituo cha petroli akamnunulia mwanawe soda na chipsi. Akamwambia, kwa sauti ya rafiki: "Sikiliza, kijana wangu. Mambo ya breki yabaki kati yetu wanaume. Si uongo, tumeshatengeneza. Mama atapata wasiwasi wa bure, na kesho hatutakwenda." Kijana akasema, "Sawa, Baba."

Wazazi wengi wanaijua sentensi hiyo kwa sura zake mbalimbali. Usimwambie Mama nimekununulia. Usimwambie Baba nimemtumia Shangazi pesa. Mtoto huipokea kama heshima, maana ameingizwa kwenye siri ya wakubwa. Mzigo wake huonekana baadaye, wakati wa kula.

Mezani Mama aliuliza gari lilikuwaje. "Safi," Baba akasema. "Na breki?" "Tumeziangalia." Hakuna neno la uongo hapo, na ndiyo maana lilimkwama kijana kooni. Mama akamgeukia. "Wewe mbona huli?" Akasema ameshiba chipsi. Alikwenda kulala mapema. Dada yake wa miaka minane, wanayelala chumba kimoja, alisema kwamba usiku alimwona ameketi kitandani akikanyaga hewa kwa mguu wa kulia.

Jumapili ndiyo siku ya kupimwa muda. Baba aliingia asubuhi mara mbili. Mara ya kwanza aliteleza akaangusha mikebe miwili ya alama, na kila mkebe ni sekunde za adhabu. Mara ya pili alikwenda vizuri sana, akawa wa 11 kati ya magari 26, na kwa nusu saa aliongea kama Mehta. Breki hazikulalamika hata mara moja.

Baada ya kanisa Mama alifika kwa matatu akiwa na binti, mkeka na chungu cha pilau. Alikuwa amevaa gauni zuri. Ilikuwa saa ya mapumziko, wakati ambapo madereva huruhusiwa kuwazungusha watu wazima wa familia zao mwendo wa taratibu, wakiwa na helmeti na mikanda. Baba aliazima helmeti. Mama alisema hapana, akasema tena hapana, kisha akaanza kucheka, akafungua kilemba, akaingiza kichwa kwenye helmeti, na binti akapiga makofi kwa sababu Mama alifanana na chura. Watu wa pikapu walishangilia. Baba alifungua mlango wa abiria kwa madaha, kama dereva wa waziri.

"Mama, usipande."

Kijana hakupaza sauti. Mama alikuwa ameshashika mlango. "Kwa nini?"

"Nani amekuuliza wewe?" Baba alisema.

"Jana breki zilikata. Baba aliniambia nisiseme."

Ni ile sentensi ya pili iliyonyamazisha watu wa pikapu. Baba aliwaka. Mbele ya watu wote wale alisema kwamba breki zimetengenezwa, kwamba zimefanya kazi asubuhi nzima, kwamba kijana mwenyewe anajua kwa sababu yeye ndiye aliyekanyaga pedali saa nzima. Na yote hayo yalikuwa kweli.

"Nilikanyaga," kijana akasema, "lakini sijui kama nilikanyaga vizuri. Kuna mara moja niliachia mapema."

Mtu akilisikia jibu hilo haraka anaweza kudhani mtoto alikuwa anamshtaki baba yake. Sivyo. Usiku kucha, na asubuhi yote akiwa kwenye uzio, alikuwa anajishtaki mwenyewe. Alijua kwamba mara moja, pengine kwenye gurudumu la tatu, mguu wake ulichoka akauinua nusu sekunde kabla ya neno "achia." Hakusema, kwa sababu Baba alikuwa anafurahi. Kisha siri ikamfungia mlango. Angemuuliza nani? Mama ndiye ambaye angemwambia, na Mama ndiye aliyekatazwa kuambiwa. Baba akiingia uwanjani peke yake, kijana aliuma meno akahesabu raundi. Lakini Mama akiingia na gauni lake la kanisani, hilo hakuliweza.

Mama alivua helmeti taratibu, akaiweka juu ya boneti. Hakusema chochote kuhusu mbio. Alimwambia mumewe, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, "Mimi nilikwambia zinashuka. Wiki tatu." Kisha akamwambia mwanawe, "Njoo ule."

Baba alibaki na gari. Alizunguka, akapiga tairi teke dogo, akasema maneno kuhusu vijana wa siku hizi ambayo hakuna aliyeyaitikia. Yule mama wa Subaru alikuwa anakunywa chai yake akitazama upande mwingine. Baada ya muda Baba aliita: "Njoo na spana." Kijana aliacha pilau.

Walinyanyua gari, wakatoa magurudumu yote manne, wakapangusa kila nati kwa kitambaa kikavu, na kijana akakanyaga pedali kwa nguvu zake zote huku Baba akitazama. Zote kavu. Pedali ilikaa juu, haikuzama hata kidogo. Ile nusu sekunde haikuwa imeharibu kitu, maana mafuta yaliyofuata yalikuwa yameisukuma hewa nje. Breki zilikuwa nzima tangu Jumamosi jioni. Hofu yote ile haikuwa na sababu ya kifundi.

Akiwa bado ameingiza kichwa chini ya bawa la gari, mahali ambapo hawezi kuonwa uso, Baba alisema, "Sikupaswa kukubebesha." Kijana akauliza, "Nini?" Huenda kweli hakusikia. Baba alitoa kichwa, akasema tena, safari hii akimwangalia. "Siri. Sikupaswa kukubebesha. Na ukichoka kukanyaga, sema. Tunaanza upya tu." Kisha wakarudisha magurudumu, wakikaza nati kwa mpango wa nyota, moja na ya mkabala wake, siyo kwa kuzunguka.

Mama hakupanda siku ile. Alikunja mkeka akakaa kwenye uzio na binti, na Baba alipoingia zamu ya mwisho, alimtazama.

Haikuchukua muda. Kona ya pili, kulisikika mlio kama mbao inayovunjika, injini ikanguruma, na gari likasimama. Ekseli ya mbele ya kushoto ilikuwa imekatika kwenye jointi iliyo karibu na gurudumu. Mpira unaofunika jointi hiyo ulikuwa umepasuka zamani, grisi ikatoka, mchanga ukaingia, na kwa miezi gari lilikuwa likilia tak-tak-tak kila lilipokata kona kali. Kila mtu nyumbani aliuzoea mlio huo. Binti alikuwa akiuimba. Murram ilimalizia tu. Na ekseli moja ya mbele ikikatika katika gari kama lile, nguvu zote za injini humwagikia upande uliovunjika, na gari haliendi popote.

Ilikuwa saa tisa na nusu, Jumapili. Maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga yamefungwa. Kuku wanataga bila kujali. Baba alimtazama Mama, na kwa mara ya kwanza wikendi ile hakusema kwamba atarekebisha. Alisema, "Sijui nifanyeje."

"Mpigie Mjomba," Mama akasema, akimaanisha kaka yake, fundi wa Kariobangi ambaye Baba hakumpeleka gari Ijumaa kwa sababu huwa anasema sana.

Yule mama wa Subaru alijitolea kuwavuta hadi Kitengela. Kuvutwa kwa kamba kuna ufundi wake. Dereva wa nyuma ndiye mwenye kazi, kwa kuwa yeye ndiye anayeiweka kamba imenyooka kwa kugusa breki, asije akampanda wa mbele. Waliiacha injini ya Starlet ikinguruma bila gia, maana ikizimwa, msaada wa breki hukatika na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Baba alikuwa anazunguka kuelekea mlango wa dereva. Mama akamtangulia. "Nipe," akasema, akachukua usukani. Yeye ndiye anayeendesha gari hilo na mayai 1,200 kila wiki, na hakuna mtu katika nyumba ile anayegusa breki kwa upole kama yeye. Kabla kamba haijavutwa alikanyaga pedali mara tatu.

"Zimepanda," akasema, na kijana aliyekaa nyuma akageuza uso dirishani.

Mjomba alifika saa mbili na nusu usiku kwa bodaboda, amebeba ekseli iliyofungwa kwa gunia, imetolewa kwenye Starlet iliyokufa, pamoja na lita mbili za mafuta ya giaboksi. Alisema sana, kama ilivyotarajiwa. Alikataa mtu yeyote kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hadi magogo mawili manene yawekwe chini ya bodi. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu ilikataa kufunguka, wakatia bomba la maji la futi nne kwenye mpini wa spana, Baba na Mjomba wakaning'inia juu yake pamoja. Mama alishika tochi ya simu. Binti, ambaye alipaswa kuwa amelala, alipewa trei tupu ya mayai, na kila bolti iliyotoka ikawekwa kwenye kitundu chake kwa mpangilio ilivyotoka. Mjomba alisema hajawahi kuona kifaa bora cha karakana katika miaka 20 ya kazi.

Pesa ya ekseli ilitoka kwenye mkebe wa chakula cha kuku. Baba aliirudisha kwa awamu, akiacha kwa miezi miwili mambo ambayo yeye na Mama wanayajua. Chupa ya mafuta ya breki nayo ilinunuliwa ikarudishwa kwa mwenyewe.

Walimaliza saa saba na robo usiku. Wakalijaribu gari hadi mwisho wa mtaa na kurudi, likikata kona zote mbili kwa ukimya ambao uliwashangaza. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi trei 40 zilikuwa ndani, zimefungwa kwa kamba ya katani. Kijana alitoka amevaa sare za shule, macho mekundu. Mama aliketi kwenye usukani, akakanyaga pedali mara moja, akamtazama kupitia kioo cha upande.

"Panda," akamwambia.

Yalipasuka mayai mawili, na moja kati ya hayo lilipasuka mlangoni kwa Baba aliyekuwa akisaidia.

Sasa kwenye dashibodi ya Starlet kuna daftari la kurasa 32 na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Anayesikia, kuona au kunusa jambo lolote kwenye gari analiandika, hata kama hajui maana yake, na Baba husaini kando likitengenezwa. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wa Mama: mafuta ya breki, tarehe, na tarehe nyingine ya miaka miwili mbele. Chini yake kijana ameandika kuhusu mpira wa jointi ya upande wa kulia, ambao umeanza kuwa na ufa, na hilo limesainiwa. Mstari wa tatu umeandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa: GARI LINANUKA MAYAI. Hilo bado halijasainiwa.